Marekani na Kosta Rika: wapi mtu wa kipato cha kawaida anaishi vizuri zaidi?

Wakuu, kila tukigusa suala la nchi ipi ina maisha bora, kuna jibu ambalo halikosi kutokea: "Angalia watu wanahamia wapi, basi." Kwa kipimo hicho Marekani inashinda na mjadala unafia hapo hapo. Mimi sikubali. Naleta Kosta Rika, nchi ya watu milioni tano na ushee kule Amerika ya Kati, tubishane kwa vitu vinavyoshikika.

Kwenye pesa hakuna ubishi. Mwaka 2023 pato la Marekani kwa kila mtu lilizidi dola 80,000, wakati la Kosta Rika halikufika 18,000. Ila mwaka huo huo wastani wa umri wa kuishi Marekani ulikuwa miaka 78.4, na Kosta Rika ulikuwa umevuka 80. Yaani mwenye pesa zaidi ya mara nne anatangulia kaburini.

Chanzo ninavyokiona mimi ni maamuzi ya zamani. Mwaka 1941 Kosta Rika ilianzisha mfuko wa bima ya jamii, maarufu kama Caja, ambao mwajiri na mfanyakazi wote wanauchangia kwa lazima. Mwaka 1948, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, José Figueres, aliyeongoza upande ulioshinda, akalifuta jeshi. Ngome ya jeshi ya Bellavista pale San José, mji mkuu, leo ni Makumbusho ya Taifa. Kisha miaka ya 1990 wakasambaza vituo vidogo vya afya vinavyoitwa EBAIS, kila kimoja na eneo lake la watu elfu kadhaa. Kinachonivutia ni yule mhudumu wa kituo anayepita nyumba kwa nyumba na kijisanduku cha chanjo na kipimo cha presha. Anajua bibi yupi ana sukari, mtoto yupi hajamaliza chanjo. Hangoji mtu azidiwe ndipo aletwe.

Marekani ina hospitali ambazo matajiri wa dunia nzima wanazikimbilia, hilo halina mjadala. Tatizo liko mlangoni. Kwa wengi walio chini ya miaka 65 bima imefungwa kwenye ajira: kazi ikiisha, bima nayo inayumba. Na hata ukiwa nayo, mara nyingi unatoa kwanza dola elfu kadhaa mfukoni kabla haijaanza kubeba mzigo. Ndiyo maana utasikia mtu kifua kinambana na bado anaita teksi, kwa sababu bili ya gari la wagonjwa inamtisha kuliko kifua chenyewe. Uzazi je? Sheria ya taifa ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi anayekidhi masharti wiki 12 bila malipo. Kosta Rika mama ana miezi minne na analipwa. Watu wetu wanaotunza wazee kwenye majimbo ya Marekani wanaijua hesabu hii vizuri, ila wakipiga simu nyumbani hawaisemi.

Sasa msidhani naiuza Kosta Rika kama pepo. Mwaka 2023 waliuawa zaidi ya watu 900, rekodi kwao, na kwa uwiano wa watu ni karibu mara tatu ya Marekani. Kokeini inapita kwenye bandari za mkoa wa Limón na magenge yanagombea njia. Foleni ya upasuaji kwenye Caja inaweza kukula mwaka au zaidi. Pengo la tajiri na maskini ni kubwa kuliko la Marekani, na bei za vitu zinauma.

Na ndiyo, vijana wa Pérez Zeledón, wilaya ya huko Kosta Rika, wamekuwa wakienda New Jersey kutafuta kazi miaka na miaka. Wenye hoja ya kuhama wapige makofi. Lakini wakimaliza kupiga watazame njia nzima: vijana hao wanatuma dola kujenga nyumba kwao, wastaafu wa Kimarekani wanahamia Kosta Rika, na Wanikaragua wanavuka mpaka kuja kuchuma kahawa huko huko. Kuhama kunaonyesha mshahara uko wapi. Mengine hakusemi.

Kuna ile ripoti ya furaha duniani ya mwaka 2025, Kosta Rika ya 6 na Marekani ya 24. Siitegemei sana. Watu wanaulizwa wajipe alama wenyewe, na kila mtu ana mzani wake.

Msimamo wangu: una miaka 25, una fani ya uuguzi au kompyuta, huna mtoto, nenda Marekani wala usigeuke nyuma. Una 50, presha, watoto watatu na mshahara wa fundi, mimi nachagua Kosta Rika mchana kweupe.

Anayesema Marekani bado inashinda anijibu hili: fundi huyo kazi imeota mbawa, na ule mpango wa serikali wa bima ya afya kwa maskini, Medicaid, una masharti yanayobadilika jimbo hadi jimbo. Dawa za mwezi ujao anazitoa wapi? Na aliye upande wangu anisaidie kumjibu mama wa Limón, mwenye kituo cha afya hatua chache kutoka kwake, lakini jua likizama hathubutu kumtuma mtoto dukani.