MREJESHO: Jina linalofaa mtoto wa kike na wa kiume

Habari zenu wakuu. Mtakumbuka niliomba jina la Kiswahili la kumpa mtoto yeyote atakayekuja, maana mimi na mwenzangu hatukutaka kujua jinsia mapema. Mtoto kaja salama, wa kiume, anaitwa Tumaini.

Aliyesema tuachane na Neema na Baraka alikuwa sahihi. Maana yake haina jinsia, ila masikioni mwa watu Neema ni binti na Baraka ni kijana, basi. Tukabaki na Amani, Furaha, Bahati na Tumaini. Bahati nililipenda mno, baba yake akagoma: "Shuleni watamwita Bahati Nasibu." Yule dada aliyesema tuyaite kwa sauti kutoka mlangoni, asante sana. Furaha nililiita mara tatu, jirani akatoka kuuliza kuna sherehe gani.

Kilichogoma: kwenye kadi ya kliniki waliandika "KE" kwa kusikia jina tu, na mtoto nimempakata. Wakafuta kwa wino mweupe, wakaandika "ME" juu yake. Walioshauri tuongeze jina la pili la kiume, hapo mlikuwa na hoja, ila hatukuongeza. Na mama mkwe hajakubali, anamwita Babu, maana jina la marehemu mumewe halitaji. Nimeacha kubishana, mtoto mwenyewe anaitikia yote mawili kwa kucheka.

Asanteni sana.