Barua ya kujitoa UNAITIA KWENYE KITABU CHA NYIMBO?

Kisiki cha Mpingo: Wakuu, hasira nilizonazo zinachemsha birika bila moto. Ni yule askofu wa Kimormoni, mkuu wa kata (ushirika mmoja wa waumini). Simtaji, mnamjua wote, yule wa "tuombe kwanza". Jana kapelekewa barua ya kujitoa mkononi, ina tarehe, ina saini. Mwenye barua kazaliwa humo humo Umormoni, kabatizwa na miaka 8, mistari sita imemnyima usingizi mwezi mzima. Askofu kaipokea. Kaikunja mara mbili. Kaitia kwenye kitabu cha nyimbo, akasimama, AKAIMBA!

Kitabu cha nyimbo! Ningekuwa na mbawa ningeruka na paa la kanisa.

Kazi yake ni fupi. Azungumze na mtu, kama mtu mwenyewe yuko tayari. Amweleze kinachofutika: ubatizo, ukuhani, baraka zote za hekaluni, na kwamba akitaka kurudi atabatizwa upya, mara nyingi si kabla ya mwaka kupita. Kisha aingize ombi kwenye mfumo liende kwa rais wa kigingi (kundi la kata kadhaa), naye alifikishe makao makuu Salt Lake City. Kitabu cha nyimbo kimeingilia wapi hapo?

Mchana Kweupe: Huyo huyo! Ndiye aliyemwambia kijana wa miaka 16 saini yake peke yake inatosha. Haitoshi. Aliye chini ya umri anasaini yeye, na mzazi au mlezi mwenye haki ya malezi kisheria naye anasaini.

Ngazi ya Mnazi: Mleta uzi, punguza povu. Kitabu cha nyimbo umekitaja kila aya, njia ya pili hukuitaja hata mara moja. Askofu si lazima. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye kumbukumbu, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na namba ya uumini kama unayo (iko kwenye kibali cha hekaluni, karatasi inayokuruhusu kuingia hekaluni). Sema wazi kwamba unajitoa na hutaki kuendelea kuwa muumini. Usiandike "nafikiria", maana ukifikiria wanakuja kukusaidia kufikiri. Saini mbele ya wakili mwenye mhuri, tuma moja kwa moja makao makuu. Wengi hukwama hapa: wanasaini nyumbani ndipo wanampelekea wakili. Hagongi mhuri kwa saini ambayo hakuiona ikiwekwa. Na baki na nakala.

Kisiki cha Mpingo: Kwa hiyo mwenye kosa ni aliyeandika barua? Aliyeikunja je? Mara MBILI aliikunja!

Pwaguzi: Makaratasi ya nini? Si uache kwenda tu.

Mchana Kweupe: Kuacha kwenda si kutoka, Pwaguzi. Jina linabaki kwenye hesabu ya waumini. Ukihama, kumbukumbu zako zinahamishiwa kata mpya, na watu hujawahi kuwaona wanabisha hodi mlangoni wakikuita kwa jina kamili. Ushauri huo huo ndio unaorudisha watu humu kila mwezi wakiuliza mbona bado wanapigiwa simu.

Shoka Butu: Mnalilia karatasi. ZAKA je? Asilimia 10 ya mapato tangu utotoni, na ukijitoa hairudi hata senti. Aliyekuwa muumini, James Huntsman, alilishitaki kanisa mwaka 2021 akidai mamilioni aliyotoa. Januari 2025 majaji wa rufaa wa shirikisho kule Marekani wakamkatalia. Na hiyo ni baada ya Februari 2023, kampuni ya uwekezaji ya kanisa ilipotozwa faini ya dola milioni 4 na kanisa lenyewe milioni 1, kwa kuficha ukubwa wa hisa zao nyuma ya kampuni za kwenye karatasi tu. Fungueni uzi wa hilo!

Mama Wawili: Heri pesa, Shoka. Mzazi aliyejitoa anakaa nje ya hekalu mwanawe akifunga ndoa ndani. Hana kibali, haingii, hata kama gauni kalishona yeye. Hilo ndilo linaloua.

Ngazi ya Mnazi: Lina njia, Mama. Tangu Mei 2019 wachumba wanaweza kufunga ndoa ya kiserikali kwanza, wazazi wote wakiwepo, kisha wakaunganishwe hekaluni, ibada ya kuwafunga pamoja hata milele. Zamani Marekani waliofanya hivyo walisubirishwa mwaka mzima. Waambiwe mapema, kabla kadi hazijachapwa.

Tumbili Mweupe: Na anayesoma BYU, chuo kikuu cha kanisa hilo, asithubutu kupeleka barua kabla ya kuhitimu. Aliyekuwa muumini akajitoa rasmi hapati idhini ya kiongozi wa dini, na bila idhini hiyo masomo yamekwisha. Maliza, chukua cheti, ndipo uandike.

Shoka Butu: Ada mwanafunzi kalipa, zaka kalipa, na masomo wanamkatia. Halafu mnasema heri pesa!

Kisiki cha Mpingo: Jamani, barua bado imo kwenye kitabu cha nyimbo.

Mama Wawili: Ngazi, hiyo ndoa ya kiserikali, askofu mwenyewe anaweza kuifungisha au watafute mtu mwingine?

Ngazi ya Mnazi: Anaweza, pale sheria ya mahali inapompa mamlaka. Na anaruhusiwa kuifungishia hata kanisani, mahali ambapo wewe unaingia bila kibali.

Mama Wawili: Naam. Kadi bado hazijachapwa.