Naomba ushauri: kukunjua (kulaza bapa) umbo la nyuso 24 za tiara (pembenne kama kishada) kwenye GeoGebra, programu ya kuchora hisabati

Wakuu, uso wa kwanza una vipeo (1,0,0), (b,b,0), (c,c,c) na (b,0,b). Kitelezi (kitufe cha kubadili thamani) b kinatoka 0.5 hadi 1, na c = b/(2−b); c ikikosea, vipeo vinne havikai kwenye bapa moja. Uso huo nauzungusha 120° na 240° kwenye mhimili wa (1,1,1), kisha naakisi kwenye mabapa matatu ya majira (xy, yz na xz). (b ikifika 1 unapata mchemraba, inapendeza kuitazama.)

Shida ni kuchapa kwenye manila. Amri ya kukunjua inadai umbo zima. Hizi ni poligoni 24 zilizotengana. Kuna njia fupi kuliko kulaza kila uso kwa mkono? Natumia b = 0.7071, kingo 0.765 na 0.592.