Nimekuta vidonge 61 ndani ya godoro la kijana wangu. Nifanyeje?

MamaOmena_Nyalenda
Hamjambo wenzangu. Naandika usiku, mchana nikiwa na wateja siwezi. Huyu kijana ni wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu ana miaka 4. Yuko kidato cha 3, bweni huko Siaya. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI, na miaka yote kipimo kilikuwa kinasema havionekani. Mwezi jana kliniki wakaniambia virusi vimepanda, 4,200. Magoti yaliisha nguvu.

Shule zikafungwa, akarudi na godoro lake. Nikilianika nikasikia kitu kinachakarika. Vidonge 61, ameshonea ndani! Nilimuuliza, kimya. Nikamwambia, "Utaenda kama babako." Hilo neno natamani ningelimeza. Siku ya 3 leo hatuongei.

Nimwambie matroni awe anamwona akimeza? Ama nimtoe bweni?

BabaWatatu
Mtoe. Asome shule ya kutwa, ameze mbele yako. Vijana wa siku hizi bila kusimamiwa ni bure.

KijanaWaKondele
Shangazi, pole. Nina miaka 22, nilizaliwa nayo pia, na muhula mzima wa kidato cha 2 dawa nilikuwa nazimwaga chooni. Sikutaka kufa. Shida ilikuwa ile chupa. Saa tatu usiku ukifungua sanduku inalia kama kayamba, bweni zima linageuka. Nilisema ni za pumu, wakaniuliza mbona sikohoi.

BabaWatatu, nyumba nyingi mtaani Nyalenda ni chumba kimoja. Hapo nyumbani atameza wapi, mbele ya binamu na wageni?

Shangazi, swali moja: nani alimwambia ana nini, na lini?

MamaOmena_Nyalenda
Umenigusa. Nilikuwa nasema ni dawa ya kifua. Akiwa na miaka 13 alisoma bango ukutani kliniki, akaniangalia tu. Hatujawahi kuongea.

KijanaWaKondele
Basi anza hapo kabla ya vidonge. Mimi nilimkasirikia mamangu miaka 2 kwa huo uongo, dawa nilikuwa nazitupa kumkomoa yeye. Mwombe msamaha. Najua kwetu mzazi haombi mtoto msamaha, lakini jaribu.

Nesi_Nakuru
Nimehudumia vijana kwenye CCC, kliniki ya wanaoishi na virusi, miaka mingi, niongeze machache.

Kwanza 4,200 si mwisho. Atapewa vikao vya ushauri, akimeza vizuri miezi 3 anapimwa tena. Kama yuko kwenye kile kidonge kimoja chenye dawa ya dolutegravir, kirusi hupata taabu sana kukizoea, na wengi hurudi chini bila kubadilishiwa dawa. Hizo 61 zipeleke kliniki, na usimwambie ameze mbili mbili kufidia.

Saa tatu usiku haikuandikwa kwenye jiwe. Kidonge hicho ni mara moja kwa siku, na chakula au bila. Akikubaliana na daktari wake anaweza kuhamia alfajiri, wenzake wakiwa wanakimbilia maji. Cha muhimu saa iwe ile ile. Akitaka, abebe vichache kwenye kikopo kikavu, chupa ibaki imefungwa.

Matroni asiambiwe bila kijana kukubali. Sheria ya Kenya ya 2006 kuhusu UKIMWI inalinda siri yake, na pia inakataza shule kumnyima nafasi kwa ajili ya virusi. Mwache achague mwenyewe mtu mmoja anayemwamini pale. Na uliza kliniki kama wana kikundi cha vijana cha OTZ (Operation Triple Zero), zile sufuri tatu: hakuna siku ya kliniki iliyokosekana, hakuna dozi iliyorukwa, hakuna virusi vinavyoonekana. Kijana humsikia kijana mwenzake kuliko sisi.

BabaWatatu
Sawa, hiyo ya chumba kimoja sikuifikiria. Lakini hesabu za vidonge usiache kabisa.

MamaOmena_Nyalenda
Nimerudi. Jana jioni nilimwita tukachambue omena pamoja, nikamwomba msamaha kwa uongo wa kifua na kwa neno la babake. Alinyamaza mpaka ndoo ikaisha, kisha akasema, "Shangazi, usinihesabie." BabaWatatu utanisamehe, nimekubali.

Shuleni amemchagua mwalimu wa mpira. Anataka kumeza saa kumi na moja asubuhi, tutauliza. Chupa nimeitia pamba, nimeitikisa, haisikiki.

Kliniki ni Alhamisi. Amesema ataingia peke yake, mimi ningoje kwenye benchi nje. Nitabeba kitambaa changu cha kufuma.