Tupeane uzoefu: bunduki ya peintiboli na mtutu wake, nini hasa kilikufanya ulenge vizuri na kufika mbali?

Mwanzisha uzi (Minneapolis)
Wakuu, salaam. Nimetoka uwanjani Jumamosi roho inaniuma mpaka leo. Nilijinyima, nikafanya zamu tatu za usiku za ziada ghalani, nikanunua mtutu wa inchi 18. Nilijua sasa mtu akichungulia tu amekwisha. Nikajibanza nyuma ya gogo, jamaa yuko kama mita 40. Kidonge cha rangi cha kwanza kikapinda kushoto, cha pili kikapaa, cha tatu kikapasukia ndani ya mtutu. Baada ya hapo kila nilichofyatua kilitoka kimelowa rangi na kwenda kinakojua chenyewe. Pembeni yangu dogo wa miaka kama 15 amekodi bunduki ya Tippmann 98 ya pale pale, imechakaa mpaka maandishi yamefutika, akampiga yule yule niliyemkosa. Nimerudi nyumbani hata kula sikuweza. Waliopitia haya, mlichagua nini na kipi kilisaidia kweli? Nataka mliyoyaona kwa macho yenu, maneno ya muuzaji nimeshayalipia.

Fundi Mitungi (Dallas)
Pole sana ndugu yangu. Umenitonesha kidonda, maana mimi nilianza vilevile.

Kwanza umbali. Kila uwanja unaoeleweka unapima kasi kabla hujaingia. Mwisho ni futi 300 kwa sekunde, yaani kama mita 91, na viwanja vingi vinataka 280. Bunduki ya dola 100 na ya dola 1,500 zikipimwa kasi moja, kidonge kinaangukia mahali pamoja. Umbali haununuliwi, mkuu. Unachonunua kwenye bunduki ya bei ni kasi isiyoyumba: hiki 282, kinachofuata 280, kinachofuata 283. Ile ya bei poa inaweza kutoa 290, halafu 265, halafu 300. Ukiwa mita 40 tofauti hiyo ndiyo inayopitisha kidonge juu ya kofia au kukizika kwenye majani.

Pili, na hapa ndipo nilipoteza miaka miwili: kipenyo. Kidonge kinaitwa .68 kwa jina tu. Mitutu inatengenezwa kuanzia kama inchi .679 hadi .693, na vidonge navyo vinabadilika kwa boksi na kwa hali ya hewa. Fungua mtutu, utoe kabisa kwenye bunduki, tia kidonge kwa nyuma. Kikiteleza chenyewe mpaka nje, mtutu ni mpana. Kikigoma, mwembamba. Kikikaa, halafu ukipuliza kwa mdomo kikatoka, hapo umepata mchumba. Mimi nilihamia mtutu wa mtindo wa Freak, wenye vipande vya ndani vya kubadilisha. Naingia uwanjani na vipande vitatu mfukoni, napuliza, nachagua. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilipiga kopo moja mara tano mfululizo, nikabaki nimesimama naliangalia.

Mdau wa Ohio
Kweli tupu. Kupuliza kwanza, mengine baadaye.

Dada wa Nairobi
Sasa wadau. Sisi wengine hatuna bunduki zetu, tunakodi siku ya ofisi mara moja kwa mwaka. Mwaka jana nilipewa moja ambayo mtutu wake ulikuwa bado na rangi ya mtu wa asubuhi. Mimi na aibu zangu nikanyamaza. Nilikosa kila mtu, hata mhasibu wetu ambaye anakimbia kama amebeba ndoo ya maji kichwani. Mwaka huu nikafika mapema, nikachungulia mtutu ukielekea kwenye mwanga, nikaomba ule ufito wenye kitambaa nikausafisha mwenyewe. Nikaomba vidonge vya boksi jipya, nikavizungusha kiganjani nione kama ni vya duara. Vyenye kibonyeo nilirudisha. Timu yetu ilishinda raundi nne. Sikubadilisha bunduki wala mtutu, ni usafi tu.

Mzee wa Autococker (Houston)
Vijana mnapuliza puliza tu. Nimecheza tangu miaka ya 90. Bunduki ya Autococker inafunga kidonge ndani kwanza ndipo inapiga, kidonge kimetulia, hakuna kinachotikisika. Hizi zenu za bolti wazi zinakisukuma na kukifyatua kwa pigo moja. Shabaha ilikuwa Autococker na mtutu mrefu. Nimemaliza.

Fundi Mitungi
Mzee wangu, shikamoo. Naiheshimu Autococker na ninayo moja kabatini. Lakini watu wamezibana bunduki za aina zote mbili kwenye jiriwa, kidonge kilekile, mtutu uleule, na matundu ya shabaha yakatawanyika sawa. Kilichokuwa kinatikisika ni mkono. Na urefu: baada ya kama inchi 8 hewa imeshamaliza kazi yake ya kusukuma. Zilizobaki zinakula hewa tu. Inchi 12 hadi 14 zinatosha, matundu ya mbele yanapunguza kelele, na urefu huo unasukuma matawi bila kujitokeza nje ya gogo. Inchi 18 inamwambia adui ulipo kabla hujachungulia.

Mzee wa Autococker
Marahaba. Jiriwa haichezi peintiboli, mwanangu. Mimi ndiye nilikuwa nacheza.

Mdau wa Ohio
Tukumbuke pia hizi bunduki zilizaliwa kwa kazi gani. Mchezo wa kwanza, Juni 1981 kule Henniker, New Hampshire, watu 12 walitumia Nelspot 007, kifaa cha kupaka alama miti na ng'ombe. Ng'ombe hakukimbii zigizaga. Kidonge ni duara lenye majimaji ya rangi ndani, tena lina mshono. Kitayumba kidogo tu hata ufanye nini.

Kijana wa Leicester
Kama ni umbali, kuna mtutu uliopinda wa Flatline, na ule wa Apex. Unakipa kidonge mzunguko wa kurudi nyuma, kinaelea na kwenda mbali kweli. Ila kinafika kimechoka. Nilimpiga jamaa begani mara mbili, vikadunda, hakuna rangi, refa akasema endelea. Yule jamaa akageuka akanitoa mimi.

Mswahili wa Dubai
Samahani, nilikuwa nasoma tu. Lakini kila mkisema kulenga, mkono unanitetemeka na lazima nieleze.

Ilikuwa Septemba, joto na unyevu wa pwani yetu lakini mara mbili. Miwani yangu ya kinga ilikuwa ya kioo kimoja, ya kukodi, ikajaa ukungu. Nilikuwa na bunduki nzuri, nimeitengeneza wiki nzima, na nilikuwa nimemwona mtu amelala kwenye mchanga. Nikasema nipanguse sekunde mbili tu nimlenge vizuri. Nikajificha nyuma ya pipa, nikainua miwani. Kidonge hakikutoka kwa yule niliyemwona. Kilitoka kulia, kwa mwenzetu wa timu yetu, hakujua kabisa. Nilisikia kishindo kichwani, kisha weupe, kisha nikawa naona wekundu upande mmoja.

Damu ilijaa mbele ya mboni. Siku tano nimelala kichwa kimeinuliwa, sioni kwa jicho la kushoto, na mke wangu ndiye ananisomea simu za mama kutoka Mombasa. Mama hakuambiwa mpaka leo. Jicho lilirudi, Alhamdulillahi, lakini kila mwaka napimwa presha ya jicho, na usiku taa za magari zina miale. Mwenzangu aliyenipiga aliacha mchezo. Nilimwita arudi, hakurudi.

Nunueni miwani ya vioo viwili kabla ya mtutu wowote. Ukungu hauji kirahisi.

Dada wa Nairobi
Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili nikiwa kwa matatu na nimeshika jicho langu.

Mdau wa Ohio
Pole mkuu. Leo naagiza ya vioo viwili.

Mzee wa Autococker
Mwanangu, pole. Ukungu ukija, inua mkono, toka nje, raundi ipotee. Nimewaambia wajukuu zangu hivyo, na leo nitawasomea uliyoandika.

Kijana wa Leicester
Unacheza bado?

Mswahili wa Dubai
Nacheza. Mara mbili kwa mwaka. Na mimi ndiye ninayekagua miwani ya kila mtu mlangoni. Kwa swali la uzi: huku vidonge vinanyonya unyevu na kuvimba, kwa hiyo tunatumia mtutu mpana kidogo, na boksi linakaa kivulini limefungwa.

Mwanzisha uzi
Kaka, ahsante kwa kutuamini na hilo. Nimeshika.

Niwarudishe kidogo. Hapa kwetu baridi ndiyo shida. Natumia mtungi wa gesi ya kaboni (CO2), na Novemba bunduki inakohoa tu.

Fundi Mitungi
Hapo ndipo ilipo nusu ya tatizo lako. Ndani ya mtungi huo kuna kimiminika. Ukipiga haraka kinapoa, presha inashuka, vidonge vinaanguka karibu. Jua likiuchoma mtungi, presha inapanda na unaweza kuvuka 300 bila kujua. Hamia hewa iliyoshindiliwa, mtungi wa presha ya PSI 3,000 au 4,500, wenye regyuleta yake ya kudhibiti presha. Na angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye mtungi. Kwenye baridi kali vidonge navyo vinakuwa kama kioo, vitunze karibu na mwili mpaka muda wa kuingia.

Kijana wa Leicester
Mimi kaboni sijaiacha na sina shida.

Mdau wa Ohio
Leicester hamjui baridi.

Mwanzisha uzi
Nimetoka gereji sasa hivi. Nimefungua ule mtutu wa inchi 18, nimetia kidonge. Sikupuliza hata. Kimeteleza inchi zote 18, kikadondoka kwenye kiatu. Vidonge kumi, vyote kumi. Nimeagiza wa inchi 14 wenye vipande, na miwani ya vioo viwili. Huu mrefu nauuza, mwenye kuutaka aseme.

Mzee wa Autococker
Usiuze kwa mtu mwingine. Nitumie, nitalipa posta.