Valvu ya choo inatoa jasho la chumvi: nibadilishe klipu au nipweleze boti?

Pweza38: Wakuu, boti ni ya faiba, futi 36, iko kwenye boya hapa Kilifi. Mpira wa kuingiza maji chooni, milimita 19, umelowa pale unapovaa nipo (shingo ya kuvalia mpira) ya valvu. Nimekaza klipu, unyevu umerudi. Ngama (maji yanayotuama chini ndani ya boti) inapanda kama lita mbili kwa siku, na ni chumvi, nimeonja. Nipo nikiikwangua kwa kisu inatoa rangi ya waridi, si manjano. Mwezi ujao tunaelekea Pemba. Klipu mpya zitatosha?

MkukuMzito: Usikaze tena, utaikata nipo mwenyewe. Hiyo ni brasi, yaani shaba na zinki. Maji ya chumvi hula zinki, ikabaki shaba yenye vitundu kama sponji. Kwa nje inaonekana nzima, ila hesi zake (mizunguko ya skrubu), ambako brasi ni nyembamba, hukatika kama biskuti.

Weka bronzi, au brasi yenye alama ya DZR au CR, yaani inayostahimili kuliwa zinki. Za duka la mabomba ya nyumbani ziache huko huko, hata zing'ae vipi.

Usiitegemee pampu pia. Tundu la milimita 19 likiwa nusu mita chini ya maji huingiza lita 30 hivi kwa dakika. La kutolea choo, milimita 38, huingiza mara nne ya hapo. Pampu iliyoandikwa galoni 2000 kwa saa ni lita 126 kwa dakika ikijaribiwa mezani. Ikibidi ipandishe maji mita moja na nusu kwa betri iliyochoka, hesabu nusu.

fundi_magadi: Pweleza, yaani iache boti pakavu maji yakipwa. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) huku hupwa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo kazi ni ya mchana. Egemeza gatini au tia magadi (miti ya kuegemeza boti). Una saa nne hivi za pakavu.

Kabla ya siku hiyo, funga valvu mpya kwenye bomba lake ukiwa nchi kavu, bila gundi, uhesabu mizunguko. Ikishika miwili mitatu tu ikagoma, hesi hazilingani: bomba la kupita kwenye bodi huwa na hesi zilizonyooka, valvu nyingi zina hesi zinazobana kuelekea ndani. Zikilazimishwa zitashika kidogo, halafu mtu akiikanyaga valvu, kwisha. Gundi iwe ya polisulfaidi, hiyo huendelea kukauka hata ikilowa. Silikoni hapana.

Mpira wa zamani usiuvute, upasue kwa kisu. Mpya uchovye kwenye maji ya moto dakika mbili, usukume mpaka mwisho wa nipo. Ule mpira mwangavu wa bustani ni marufuku chini ya mstari wa maji.

Kusi_Tatu: Naongeza kuhusu klipu. Kila mtu anasema mbili, lakini nipo ikiwa fupi, ya pili inabana mpira mtupu na kuukata ukingoni. Hapo moja pana ni bora. Zikitosha mbili, vichwa vya skrubu vitazame pande tofauti. Pitisha sumaku: mkanda mara nyingi ni chuma cha pua, skrubu ni chuma cha kawaida, na ndiyo inayooza kwanza.

Kila valvu ifungiwe kizibo cha mti laini kwa kamba, na ukijaribu kama kinaingia kwenye tundu. Kizibo kilicho kabatini chini ya magodoro ni sawa na hakipo.

Pweza38: Asanteni. Mpaka bamvua ifike nifanyeje?

MkukuMzito: Funga valvu sasa hivi, taratibu, bila kuigonga. Choo mtumie ndoo. Kausha nipo, izungushie tishu, angalia baada ya saa moja. Tishu ikilowa valvu ikiwa imefungwa, maji yanapita ndani ya valvu yenyewe au kwenye hesi za bomba. Usilale mbali na boti hiyo.