Beetle ya 1972: injini ikiwa ya moto stata inagoma, ikipoa inakubali

Muulizaji: Wakuu, Volkswagen Beetle ya 1972, volti 12. Asubuhi inawaka mara moja. Nikiizima baada ya safari, nazungusha ufunguo napata "ta!" moja au kimya kabisa, na taa hazififii. Baada ya dakika 20 inawaka. Betri ni mpya, stata nayo imebadilishwa. Nianzie wapi?

Jibu la 1: Mkuu, usinunue stata nyingine kabla ya kupima. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, lakini umeme wa kuamsha solenoidi (swichi ya sumaku iliyo juu ya stata) unakwenda kwanza mbele hadi swichi ya ufunguo, ndipo unarudi nyuma kwa waya mwembamba hadi pini 50 ya stata. Njia ndefu, viungo vya miaka 50, na kila kiungo chenye kutu kinakula volti. Solenoidi ikipata joto, ukinzani wa koili unapanda, umeme unaopita unapungua na nguvu ya kuvuta inaisha.

Gia huru, hendibreki juu, injini ikiwa ya moto. Mwenzako ashikilie ufunguo, wewe pima kati ya pini 50 na bodi ya stata. Chini ya volti 9, mkosaji ni waya au swichi. Juu ya 10 na stata kimya, rudi kwenye solenoidi.

Jibu la 2: Ethi (njia ya umeme kurudi betri) isisahaulike. Giaboksi imekalia mipira, kwa hiyo mkanda wake wa ethi ndio unaopitisha umeme huo. Pima kutoka kichwa hasi cha betri hadi bodi ya stata. Ikizidi volti 0.5, fungua, piga msasa, kaza. Lakini kipimo hiki kifanye stata inapozunguka. Ikiwa kimya, umeme mkubwa haupiti na mita itakudanganya kuwa ethi ni nzima.

Muulizaji: Pini 50 inasoma 7.8 ikiwa ya moto. Ethi 0.2.

Jibu la 1: Basi funga rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) ya ampea 30 karibu na stata. Chomoa kwanza kichwa hasi cha betri, maana bolti kubwa ya stata ina umeme muda wote. Waya wa zamani wa pini 50 uingie pini 86 ya rilei, pini 85 ethi, pini 30 ipate umeme kutoka bolti kubwa kwa waya wa milimita 4 za mraba kupitia fyuzi, pini 87 iende pini 50 ya stata. Ikae mbali na ekzosi.

Jibu la 3: Na stata ilipobadilishwa, bushi (pete inayoshika ncha ya shafti ya stata) iliyo ndani ya giaboksi ilibadilishwa? Ikilika, shafti inakaa upande na stata mpya itazunguka kwa uzito.